Uzoefu wangu na gereji moja ya Gerezani: pedeli ya breki iliyokuwa ngumu kila penye foleni

Gari langu ni SUV ya Kijapani yenye injini ya petroli ya lita 2, nililolinunua likiwa limeshatumika, na ndilo linalonitoa Kimara kwenda kazini Posta, hapa Dar es Salaam, siku tano za wiki. Mwanzoni mwa masika breki zake zilianza tabia ambayo sikuielewa. Asubuhi, nikitoka nyumbani, pedeli ilikuwa laini na gari lilisimama vizuri, lakini baada ya nusu saa ya foleni ilibadilika. Siku moja, nikishuka kuelekea Ubungo nyuma ya daladala, nilikanyaga mara ya kwanza ikashika kama kawaida. Mara ya pili ikawa nzito. Mara ya tatu, daladala iliposimama ghafla kushusha abiria, ilikuwa kama ninakanyaga jiwe, ikabidi nijinyanyue kitini na kuuegemea mguu kwa uzito wangu wote ndipo gari likasimama.

Gereji niliyoizoea, ambayo sitaitaja, haikuniuliza jambo lolote. Walifungua magurudumu ya mbele, wakasema pedi zimekwisha, wakaweka mpya kwa shilingi 65,000. Kesho yake ugumu ulikuwa palepale. Niliporudi walitaka kubadilisha masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki, na fundi mwingine aliyekuwa pembeni akadakia kwamba ninunue busta ya mtumba kabisa, kile kifaa kinachoongezea mguu nguvu ya kukanyaga breki, ili nimalize kazi. Niliondoka, kwa sababu nilijua angalau jambo moja: masta silinda ikichoka, au hewa ikiingia kwenye mafuta ya breki, kwa kawaida pedeli hulegea na kuzama, na yangu ilikuwa na ugonjwa wa kinyume.

Jirani alinielekeza kwa mzee mmoja mwenye gereji ndogo Gerezani, karibu na maduka ya spea. Nilimwamkia, nikaanza kueleza habari za pedi, naye akanikatisha kwa upole: “Mwanangu, pedi tuziache. Inakuwa ngumu gari likiwa la baridi au ukishakaa kwenye foleni?” Nilipomjibu, alikataa kuligusa gari kwanza. Alitaka tulizungushe hadi injini ipate moto sawasawa, nasi tukatumia karibu dakika 40 kwenye msongamano wa Kariakoo, yeye akiwa kiti cha abiria bila kusema neno.

Tuliporudi alinifanyisha majaribio ambayo mtu yeyote anaweza kuyafanya akiwa ameegesha gari. La kwanza, nizime injini, nikanyage breki mara kadhaa mpaka pedeli iwe ngumu, kisha niwashe mguu ukiwa bado juu yake. Inatakiwa izame kidogo injini inapowaka, kwa sababu hapo busta imeanza kupata mfyonzo wa hewa unaousaidia mguu. Yangu ilizama, ila polepole mno. La pili, nikanyage injini ikiwa inawaka, nizime, na niendelee kuishikilia kwa sekunde 30. Haikupanda, maana yake busta yenyewe haikuwa ikivuja. Hapo nikajua kwamba ile busta ya mtumba ingekuwa fedha ya kutupa.

Kisha akafungua boneti, akachomeka geji ya mfyonzo kwenye manifoldi, njia ya hewa inayoingia kwenye injini, ambako busta hupata mfyonzo wake. Ilisoma inchi 19 za zebaki, ambazo ndizo kipimo cha mfyonzo, injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, na kwa injini ya petroli yenye afya, katika mji wa pwani kama huu, kati ya 18 na 22 ni kawaida. Alipoihamishia geji upande wa busta na kuniambia nikanyage mara tatu mfululizo, mshale ulianguka, ukawa unarudi kwa kujikokota. Akaniita nitazame. Mpira unaotoka kwenye manifoldi kwenda kwenye busta, ule wenye valvu ndogo ya kuzuia hewa isirudi, ulikuwa umenywea katikati kama mrija wa soda uliofyonzwa kwa nguvu. Hakuna aliyeutoboa. Kabla yangu kuna fundi aliyeuondoa mpira halisi na kufunga mpira wa maji ya hita, ambao kuta zake hazikutengenezwa kuhimili kufyonzwa. Ukiwa wa baridi ulijikaza. Ukipata joto la injini ulilainika na kujibana, hivyo busta ilibaki na akiba ya kukanyaga mara moja tu kabla ya kuishiwa.

Mpira halisi pamoja na valvu yake tuliupata duka la tatu kwa shilingi 48,000. Kabla ya kuufunga, mzee alipuliza kwa mdomo pande zote mbili kuhakikisha hewa inapita kwenda injini tu. Ufundi ulikuwa shilingi 30,000.

Mapungufu yapo na sitayaficha. Hakuna pa kukaa, nilisimama juani saa nzima wakati kijana wake akizunguka madukani, risiti niliandikiwa nyuma ya boksi la plagi, na kiti changu cha mbele kina doa la grisi ambalo halijatoka hadi leo. Kwa mtu mwenye haraka, au anayehitaji hati za kupeleka ofisini, gereji hii itamsumbua. Mimi nitarudi kwake, hata kwa kazi ambazo ningeweza kufanyiwa karibu na nyumbani.

Sasa ni wiki ya 6. Nimeshuka Kimara kwenye mvua na kwenye jua, kwenye foleni ya saa moja na zaidi, na pedeli inashuka vilevile mara ya kwanza na mara ya kumi. Ule mpira wa zamani nimeuweka kwenye buti, na gari likitoka juani bado naweza kuubana kwa vidole viwili mpaka kuta zake zikagusana.