Mpira bapa wa mazoezi tiba: kilo zake, makosa yake na mahali unapoishia

Mtu akitolewa plasta, au akiruhusiwa kuanza kuusogeza mkono baada ya upasuaji wa bega, mara nyingi kitu cha kwanza anachokabidhiwa ni kipande cha mpira bapa chenye rangi. Ni chombo chepesi, kinaingia mfukoni, na kikitumiwa vizuri kinarudisha nguvu kweli. Kikitumiwa kiholela, kinakula miezi ya mtu bila faida. Hapa tunauangalia hasa mpira wa TheraBand, kwa sababu kila rangi yake ina kilo zilizotajwa na mtengenezaji, na bila kilo hizo huwezi kupanga zoezi.

Ukiuvuta mpira mpaka urefu wake uwe mara mbili, wa njano unakurudisha kwa takriban kilo 1.3, mwekundu 1.7, wa kijani 2.1, wa buluu 2.6, mweusi 3.3, wa fedha 4.6 na wa dhahabu 6.5. Tazama jinsi namba zinavyopanda. Kutoka njano hadi kijani ni hatua za gramu 400 tu, na hiyo ndiyo sifa kubwa ya chombo hiki. Dambeli ya kilo 1 ikifuatwa na ya kilo 2 ni mzigo uliozidishwa mara mbili kwa siku moja, na bega lililoshonwa juzi halivumilii mruko huo. Mpira unakupandisha taratibu. Lakini rangi si sheria ya dunia nzima: kijani cha kampuni nyingine chaweza kuwa kizito kuliko cheusi hiki. Ukianza na aina moja, maliza nayo.

Watu wengi hudhani rangi ndiyo mzigo. Si rangi peke yake; ni rangi pamoja na urefu ulioanza nao. Chukua kipande cha kijani cha mita 1, kivute hadi mita 2: kilo 2.1. Kesho yake ushike katikati bila kujua, sentimita 50 tu, halafu uvute hadi mita 1.5. Sasa mpira umeongezeka kwa asilimia 200, na mzigo umefika kama kilo 3. Zoezi ni lile lile, mpira ni ule ule, ila bega limebebeshwa karibu nusu ya ziada, na jioni linauma bila sababu inayoonekana. Dawa yake ni kalamu ya wino mzito: chora mstari pale mkono unaposhika, na weka alama sakafuni pale miguu inaposimama. Usiuvute kupita asilimia 300 ya nyongeza, yaani mita 1 isizidi mita 4. Zaidi ya hapo mpira unachoka haraka na unaweza kukatika.

Tuchukue zoezi moja tulione kwa karibu, lile la kuzungusha bega kwa nje, ambalo karibu kila mwenye jeraha la misuli midogo ya bega hupewa. Mpira unafungwa kwenye kitu imara usawa wa kiwiko. Kiwiko kinakunjwa nyuzi 90, na taulo iliyokunjwa inawekwa kati ya kiwiko na mbavu. Taulo ina kazi mbili: inalipa bega nafasi kidogo, na ikidondoka inakuambia kwamba kiwiko kimekimbia ubavu. Kiganja kinaanzia tumboni, kinakwenda nje polepole, kinasimama sekunde 1, kinarudi kwa sekunde 3. Seti 3 za marudio 12 hadi 15, siku moja mazoezi na siku moja mapumziko, zinatosha kuanzia.

Yanayoharibika ni manne, na yote yanaonekana kwenye kioo. Bega linapanda kuelekea sikio. Kiuno kinageuka ili kuusaidia mkono. Kifundo cha mkono kinakunjwa nyuma, mtu akadhani ni bega limefika mbali. La nne ndilo linalofanywa zaidi: mpira unaachiwa urudi wenyewe kwa kasi, na nusu nzima ya zoezi inapotea. Zile sekunde 3 za kurudi ndizo zinazoufundisha msuli kubeba huku ukirefuka, na majeraha mengi hutokea katika hali hiyo hiyo. Tena usiung'ang'anie mpira kwa vidole. Uzungushe mara moja kiganjani ukiwa bapa, la sivyo mkono utachoka kabla ya bega.

Udhaifu wa kimaumbile upo, nao hauondoki kwa fedha wala kwa ubora wa kiwanda. Mpira ni mwepesi mwanzoni mwa mwendo na mzito mwishoni. Katika zoezi hili la bega, mwisho ndipo msuli umeshajikunja na nguvu zake ni chache, kwa hiyo mtu hukatisha mwendo hatua chache kabla ya kufika, na sehemu hiyo hubaki dhaifu hadi mwisho wa tiba. Shuka rangi moja, kisha sogea mbali kidogo na pale mpira ulipofungwa ili uanze na mpira ambao tayari umevutika kama robo ya urefu wake. Mwanzo unakuwa na kazi, na mwisho unafikika.

Maumivu yanapimwa kwa kipimo cha 0 hadi 10. Kufika 3 wakati wa zoezi kwa kawaida kunakubalika, mradi kesho yake asubuhi yawe yamerudi yalipokuwa jana. Goti au kifundo kikivimba siku ya pili, mzigo ulizidi, hata kama maumivu hayakuwepo. Ukimaliza marudio 15 katika seti zote 3 kwa siku mbili zinazofuatana za mazoezi, na mwendo bado ni safi, panda rangi.

Kwa miguu, maoni yetu ni makali zaidi. Mara baada ya kifundo kuteguka au plasta kutolewa, mpira unafaa sana kuusukuma unyayo chini, kuuvuta juu na kuugeuza nje. Lakini fanya hesabu. Mtu wa kilo 70 akisimama kwa ncha ya mguu mmoja, msuli wa shavu la mguu, ule wa nyuma chini ya goti, unainua karibu mwili mzima. Mpira mzito kuliko yote, wa dhahabu, ni kilo 6.5. Siku unapoweza kuinua visigino viwili ukiwa umesimama bila maumivu, mpira hauna tena cha kuupa msuli huo. Kuendelea nao wiki nane zaidi ndiko kunakomfanya mtu arudi uwanjani na shavu la mguu jembamba, kisha ashangae kuumia tena.

Jambo hili lilijulikana zamani. Mwaka 1945 Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani, aliandika jinsi alivyowarudishia wagonjwa nguvu kwa vyuma vizito, na mwaka 1948 yeye na mwenzake Watkins waliufupisha utaratibu kuwa seti 3 za marudio 10: nusu ya mzigo, robo tatu, kisha mzigo wote ambao mtu anaweza kuuinua mara 10 tu. Mwaka 1998 Alfredson, mtafiti wa Sweden, na wenzake walichapisha zoezi la kushusha kisigino kwa kano ya kisigino inayouma: seti 3 za marudio 15, mara mbili kwa siku, wiki 12, na maumivu yakipungua unaongeza uzito ndani ya mkoba wa mgongoni. Mkoba! Hakuna rangi ya mpira inayofanya kazi hiyo. Hali kadhalika goti lililoshonwa kano ya mbele iliyo ndani yake (ACL): mpira unasaidia kulinyoosha goti mwanzoni, ila msuli wa mbele ya paja unahitaji mashine au vyuma ili ufikie angalau asilimia 90 ya nguvu za mguu usioumia kabla ya kurudi michezoni.

Utunzaji. Jua, joto, mafuta ya mwili na klorini ya bwawa vinaua mpira. Kila wiki uvute kidogo mbele ya mwanga: ukiona kitobo kama cha pini, ukingo uliochanika au sehemu iliyopauka, utupe. Pete na kucha ndefu ndizo zinazotoboa. Osha kwa maji na sabuni laini, anika kivulini, pakaa poda kidogo usigandane. Mwenye mzio wa mpira asilia atafute ule usio na latexi, asibahatishe.

Ukiufungia mlangoni, simama upande ambao mlango unafungukia mbali nawe, ili kila unapovuta uwe unaufunga, kisha tia ufunguo. Usiuelekeze mvuto usoni. Mpira ukiponyoka unarudi kwenye jicho. Kwa anayeanza, mita 2 za mwekundu na mita 2 za kijani zinatosha kwa bega, na za buluu kwa kifundo cha mguu. Ya fedha na dhahabu acha dukani: ukifikia hapo, miguu inahitaji vyuma.