Sleji ya Preda hadi Bergün, na tovuti zilizonitoa ndani

Huu ni mwaka wangu wa nne Zurich, na majira mawili ya kwanza ya baridi niliyamalizia ndani ya nyumba. Nilidhani milima ya Alps ni ya watu wa skii tu. Vifaa, mwalimu, tiketi ya siku, na mtoto naye anahitaji vyake. Ukipiga hesabu unafunga daftari.

Iliyonifungulia mlango ni tovuti ya SchweizMobil. Nilikuwa natafuta njia za kutembea kwa miguu, nikabonyeza sehemu ya majira ya baridi, na ramani ya Uswisi nzima ikajaa mistari: njia za kutembea juu ya theluji iliyoshindiliwa, njia za viatu vya theluji, na njia za sleji, yaani kile kiti cha mbao cha kutelezea ambacho hapa wanakiita Schlitten. Kila njia ina urefu wake, inashuka mita ngapi, na kama iko wazi au imefungwa. Haiulizi hela wala namba ya simu.

Nikachagua Preda–Bergün, katika jimbo la Graubünden. Ni barabara ya kawaida ya magari, ile ya kuvuka mlima kwenye pito la Albula. Theluji ikishika wanaifunga na kuishindilia, na inakuwa njia ya sleji ya kilomita 6 inayoshuka takriban mita 400. Kutoka Zurich tulipanda treni hadi Chur, tukabadilisha, tukashuka Bergün. Hapo unakodi sleji, unapanda treni ya Rhätische Bahn hadi Preda, unateleza kurudi Bergün, kisha unapanda tena. Sisi tulirudia mara nne.

Na hiyo treni peke yake ingetosha kunitoa Zurich. Reli ya Albula iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Kati ya vituo hivyo viwili inazunguka zaidi ya kilomita 12 ili isikabiliane na mwinuko moja kwa moja: inaingia ndani ya mlima, inajipinda gizani, inatokea juu zaidi ya pale ilipoingilia. Kijiji tulikiona kushoto, baadaye kulia, na kila mara kimezidi kuwa kidogo. Mwanangu alibandika uso kwenye kioo mpaka juu.

Kuteleza kwenyewe kunafundishika kwa dakika tano. Unakaa, unashika kamba, miguu mbele. Ukitaka kukata kushoto, unaburuza kisigino cha kushoto. Ukitaka kupunguza mwendo, unakandamiza vyote viwili. Penye theluji laini vyuma vya chini havitoi sauti yoyote, unasikia pumzi yako tu. Penye barafu vinaanza kukwaruza, na hapo anza kubana mapema kabla kona haijakufikia. Tulipita chini ya madaraja ya mawe, na safari moja treni ilikuwa juu yetu, watu wakitupungia.

Lawama yangu ni kwa duka nililokodi sleji. Mkanda wa kukalia ulikuwa umelegea upande mmoja, nikaligundua hilo nikiwa tayari Preda, na nikashuka nikifunga breki njia nzima. Basi kalia sleji na uitingishe kabla hujalipa. Helmeti ya mtoto iombe mwenyewe. Na glavu za sufu ziache nyumbani, zinaloa mara moja.

Tovuti ya pili ni ya SLF, taasisi ya utafiti wa theluji ya Davos. Wakati wa baridi kila siku saa 11 jioni wanatoa taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji, kwa ngazi 1 hadi 5. Ukitoka nje ya njia zilizowekewa alama, isome. Wengi wanaona 3 ni katikati, basi si mbaya, na wengi hufia katika ngazi hiyohiyo.

Ya tatu ni ramani za serikali, map.geo.admin.ch, ambako unaweza kurudisha miaka nyuma hadi ramani za karne ya 19. Usiku ule tuliporudi, mwanangu alitafuta mto wa barafu wa Morteratsch, ng'ambo ya pili ya milima ile, akawa anasogeza miaka kwa kidole. Ulimi wa barafu ukawa unarudi nyuma, unarudi, zaidi ya kilomita 2. Akaniuliza kama Kibo nayo ina ramani ya namna hiyo.

Asubuhi tukampigia babu yake Moshi kwa video. Mzee akatoka uani, akageuza simu kuelekea mlimani, akaanza kuonyesha kwa fimbo: nyeupe ilifika pale nikiwa darasa la nne, na pale siku mama yako alipozaliwa.