Mipira ya ritani ya noseli: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Lori la dizeli likisumbua kuwaka asubuhi halafu mchana kutwa linawaka mara moja, lawama huangukia betri, kisha pampu. Kabla hujatoa hela ya pampu, zima injini, isubiri ipoe, na upitishe kidole kwenye mipira myembamba inayounganisha noseli (vipuliza dizeli ndani ya silinda) kwa juu. Kidole kikitoka na dizeli, umepata pa kuanzia.

Mipira hiyo, iitwayo ritani, inarudisha tangini dizeli iliyozidi, ile inayopenya pembeni ya sindano ya noseli. Ikichoka huvujisha injini inapozunguka. Injini ikilala, hewa huingia kwa nyufa hizohizo, dizeli inashuka kurudi tangini, na asubuhi unapiga selfu mpaka betri inakufa bure.

Upangaji ufuatao ni wa injini za pampu ya kimekanika, ambazo presha ya ritani ni ndogo na mpira huchomekwa kwa mkono tu. Mwenye komoni reli (injini ambayo noseli zote hupata dizeli yenye presha kubwa kutoka bomba moja) afungue daftari la injini yake kwanza. Nyingi zina viungio vya plastiki vya klipu, na baadhi ya noseli za piezo (zinazofunguliwa kwa umeme) huhitaji ritani ishikilie presha ya karibu bar 10 ndipo zifanye kazi. Hapo nunua seti ya injini hiyo na si kitu kingine. Mpira wa kukata kwa mita hauna nafasi pale.

La kwanza: seti kamili yenye oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) za Viton, mpira unaostahimili mafuta. Kama noseli zako zina vifuniko vya ritani vinavyokaa juu ya oringi, usihangaike na chaguo jingine. Mfano mzuri ni Ford za 7.3 IDI: silinda 8, kila noseli na kifuniko chake cha plastiki, kila kifuniko na oringi mbili. Hizo ni oringi 16. Ukibadilisha mipira peke yake, oringi za zamani, ambazo zilikuwa ngumu lakini zimetulia mahali pake, zinatikisika na kuanza kuvuja wiki ileile. Utalipa ufundi mara mbili kwa kukwepa vipande vidogo kuliko vyote. Muuzaji akisema seti ni "orijino," muulize oringi ni za nini. Nitrili, aina nyingine ya mpira iliyo ya kawaida, inaweza kusinyaa gari likihamia dizeli yenye salfa kidogo, na dizeli ya mimea inaizeesha haraka. Viton inazistahimili zote mbili.

La pili: mpira wa mita wenye ngozi ya ndani ya FKM. FKM ndiyo familia ya Viton. Tafuta maandishi SAE J30R9 ubavuni. Ndio mpira ningeuchagua kwa noseli zisizo na oringi, ila vipimo vidogo vya ritani havipatikani kirahisi, na kwa kuwa ni mgumu kidogo haupendi kona kali kati ya noseli zilizokaribiana.

La tatu: mpira wa nitrili uliofumwa kwa nyuzi. Huu ndio uliojaa madukani, na si mbaya. Kwa dizeli ya kawaida unafanya kazi yake vizuri. Kasoro yake ni hilo vazi la nyuzi: linaficha nyufa, kisha linanyonya dizeli na kuisambaza, hata usijue tundu liko wapi. Ukiona nyuzi zimelowa sehemu moja, badilisha yote.

Kosa kubwa hapa ni kipimo. Ritani nyingi ni za mm 3.2 au 3.5 kwa ndani, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Wa 3.5 ukiingia kwenye chuchu (kijibomba cha noseli kinachovishwa mpira) ya 3.2 utateleza bila shida, fundi atafurahi, na hewa nayo itapita. Pima chuchu kwa kalipa. Mpira wa zamani usiupime, umekwisha kutanuka.

Paipu za chuma zenye boliti za banjo (zenye tundu ndani la kupitisha dizeli) sizipi namba. Zikiwa hazijapasuka wala kuliwa na kutu, ziache. Nunua washa mpya za shaba tu, kila zinapofunguliwa.

Mpira wa vakyumu na wa silikoni usinunue hata ukipewa punguzo: silikoni huvimba ikinywa dizeli. Ule wa plastiki angavu unavutia kwa sababu unaona mapovu ya hewa, na kwa uchunguzi wa saa moja unafaa. Ukiuacha juu ya injini moto utakauka kama mfupa.

Klampu za skrubu ziache pia, kwani hukata mpira mwembamba hivi. Mpira wa kipimo sahihi hujishika wenyewe. Wa zamani usiuvute kwa koleo: upasue kwa wembe kwa urefu, taratibu, bila kukwaruza chuchu, maana mkwaruzo nao ni njia ya hewa.

Ongeza kwenye kapu kifuniko cha noseli ya mwisho. Ni kipande cha mpira kilichozibwa upande mmoja, kinazeeka sawa na wenzake, na mara nyingi ndicho kinachoachwa pale na mipira mipya ikalaumiwa.