Sufuria ya Kusubu kwa Mkate wa Kumimina

Kwa anayeoka mkate wa kumimina nyumbani mwezi wa Ramadhani, sufuria hii nene ya alumini ya kusubu inastahili bei yake, kwa kuwa kitako chake hushika moto taratibu na kuusambaza sawasawa, hivyo mchele uliolowekwa na kusagwa kwa tui la nazi, pamoja na hamira, sukari na iliki, huiva bila kuungua chini kabla ya juu kushika. Mfuniko wake bapa, wenye ukingo ulioinuka, hubeba makaa ya kupalia bila majivu kuangukia mkate. Vishikio, hata hivyo, ni vifupi mno. Kuvishika kwa kitambaa moto ukiwa mkali ni kero tupu. Keki ya mayai nayo hutoka vizuri, mradi makaa ya chini yawe machache.