Mia Tano Zangu Kwenye Tamasha la Pembeni

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa hapa Ngara, Nairobi, nikisema nilikwenda kutazama maigizo. Tiketi ni shilingi 500 kwa onyesho moja. Unalipa kwa M-Pesa mlangoni, kijana anakupiga muhuri mkononi, unaingia. Ya siku nzima ni 1,200, na hiyo ndiyo ningewashauri mchukue, sababu mtaziona. Jina la tamasha silitaji. Mabango yamebandikwa kila ukuta wa katikati ya jiji, na malalamiko yangu waandaaji nimekwisha kuwapa ana kwa ana.

Mjue pia ni nani anayewaandikia. Mimi ni fundi cherehani. Kundi moja kati ya yaliyoonyesha nililishonea nguo, kwa hiyo igizo lao sitalisifu wala kulikosoa. Macho yangu huanzia kwenye pindo kabla hayajapanda usoni kwa mwigizaji. Anayetaka dhamira na maudhui amtafute mwalimu.

Kwa ambao hawajawahi kwenda: kwenye tamasha la namna hii hakuna kamati inayochagua nani apande jukwaani. Desturi hiyo ilianzia Edinburgh, Scotland, mwaka 1947, makundi manane ya maigizo yalipotokea kwenye tamasha kubwa la mji bila kualikwa, yakajitafutia kumbi kando kando na kuigiza humo. Leo tamasha lile la pembeni hufanyika kila Agosti na lina maelfu ya maonyesho. La kwetu ni dogo, lakini kanuni ni ileile: una igizo, una ada ya kujiandikisha, unapewa saa na chumba. Kwa hiyo chekeche ni wewe mtazamaji. Utaona kitu kizuri kuliko vyote ulivyoona mwaka huu, na saa moja baadaye utakuwa umeketi mbele ya vijana wawili ambao mazoezi hawakufanya.

Ila Edinburgh ilikuwa na tamasha la katikati ndipo likapatikana la pembeni. Nairobi katikati ni wapi? Kenya National Theatre iko pale Harry Thuku Road tangu 1952, ikakarabatiwa na kufunguliwa tena 2015, lakini kundi dogo likitaka jukwaa lile lazima lijipapase mfukoni kwanza. Phoenix Players, waliokuwa wakiigiza mwaka mzima pale Professional Centre, Parliament Road, walishafunga. Waigizaji ninaowapima kiuno hapa dukani wanalipa kodi ya nyumba kwa kuzunguka shule za sekondari wakiigiza vitabu teule. Shule zikifungwa, na kipato kinafungwa. Karibu kila anayekanyaga jukwaa katika jiji hili yuko pembeni tayari. Ndiyo maana maonyesho haya siyatazami kwa jicho la huruma. Hawa ni watu wa kazi kama mimi, na suruali ikipwaya nitasema imepwaya.

Lililonishika kuliko yote ni la dada mmoja, peke yake, dakika hamsini hivi, kwenye chumba cha ghorofa ya pili upande wa River Road, ambacho kwa meza zilizorundikwa nyuma nadhani siku za kawaida ni darasa la kompyuta. Anaigiza askari wa usiku kwenye ploti ya Umoja. Wapangaji wanarudi mmoja mmoja na yeye anakuwa kila mmoja wao: mama mboga anayegombania mtungi wake wa maji, keteka, yaani mtunza ploti, anayeficha funguo, mume wa orofa ya tatu anayetoa hamsini ili mkewe asijue aliingia saa ngapi. Vazi ni moja tu, dastikoti ya buluu. Ndani ameitilia bitana ya kitenge. Akiigeuza, ni mama mboga. Akiivaa nyuma mbele na vifungo vikakaa mgongoni, ni mtoto wa nasari aliyesahauliwa langoni. Anageuza huku anaongea, na hakuna mahali unapomsubiri.

Sasa kuna mpangaji mlevi anayemkamata askari mfukoni akidai ameibiwa, na mfuko unachanika. Chumba kizima kiliguna. Mimi niliinama mbele nione vizuri. Mfuko ule haukuwa umeshonwa. Ulikuwa umepigwa bandi kwa mishono mirefu na uzi wa rangi ya kitambaa, isipokuwa pembe moja ya chini iliyoshonwa barabara, ili uchanike uning'inie lakini usianguke. Maana yake kila onyesho likiisha kuna mtu anashika sindano na kuupiga bandi upya. Nilimngoja nje nikamuuliza ni nani. "Ni mimi, mathe," akasema, "nikiwa kwa matatu naenda home."

Baada ya pale haugusi tena ule mfuko. Hauonyeshi, hausitiri, unaning'inia tu huku wapangaji wakizidi kupita. Mpaka asubuhi landilodi anakuja kumlipa mshahara uliokatwa, naye kwa mazoea anapeleka noti kwenye mfuko uleule, na noti zinamwagika sakafuni. Nimeshona mavazi ya jukwaani miaka mingi na sijaona mshono uliofanya kazi kubwa hivyo.

Angeishia hapo ningekuwa sina neno. Lakini alisimama akatuhutubia juu ya haki za wafanyakazi wa usiku, mambo ambayo noti zilikuwa zimekwisha kuyasema. Waliokaa karibu na mlango wakaanza kuangalia simu. Dada, ikiwa unasoma, kata pale. Kitambaa kinachobaki mezani si lazima kishonwe.

Watazamaji hatukufika ishirini. Tufanye tulikuwa ishirini: mara mia tano ni elfu kumi, kabla waandaaji hawajachukua mgao wao, kabla ya ada ya kujiandikisha, nauli na mtu wa taa. Hesabu hiyo niliifanya nikiwa nimekaa palepale, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Onyesho la ngoma lilikuwa kwenye ua wa godauni, Industrial Area, saa kumi jioni, malori yakipita nje ya ukuta. Wachezaji wanne, sakafu ya saruji, pipa moja la mafuta. Karatasi tuliyopewa mlangoni iliahidi mambo mazito kuhusu ardhi na ukoloni. Mimi niliona watu wanne wanaoaminiana kiasi cha mmoja kujiachia kinyumenyume kutoka juu ya pipa bila kutazama nani atamdaka. Hilo lilinitosha. Mzee aliyekuwa kando yangu, mtu wa Limuru, alinikumbusha jukwaa la wazi la Kamiriithu, huko Limuru, ambalo wanakijiji walijijengea kwa mikono yao mwaka 1977 kabla serikali haijawanyima kibali cha kuigiza, na 1982 likabomolewa. Alisema pale napo jua na mvua vilikuwa sehemu ya igizo. Pale uani jua lilikuwa sehemu ya igizo kweli: lilitupiga machoni mpaka nusu ya kwanza ikaisha.

Nguo zao, lakini! Polista ya kung'aa, imebana magoti, na mchezaji mrefu alipochuchumaa mshono wa kati ukaachia. Aliendelea kama vile hakuna kitu, heshima kwake. Kosa ni la fundi: kitambaa cha kunyumbuka hukatwa upande unaovutika ukizunguka mwili, na pale kilikatwa kwa kubana matumizi, upande wowote ulioenea. Na ule mshono wa kati unataka kipande cha pembe nne kitiwe chini, la sivyo mchezaji anacheza akiwa na hofu. Hicho ni kitambaa cha shilingi thelathini.

Vichekesho nitavipitia haraka kwa sababu hata wenyewe walivipitia haraka. Vijana wawili, walianza wamechelewa zaidi ya nusu saa, bila radhi, kisha wakatuletea yaleyale: Mkamba anatamka hivi, Mluhya anakula hivi. Watu walicheka, siwezi kukataa. Ila vichekesho hivyo nimevisikia bure kwenye redio ya matatu tangu niko shule, na hapa natakiwa kuvilipia mia tano. Hapo ndipo tiketi ya siku nzima inapookoa: niliinuka nikaenda zangu kutazama wanasarakasi, ambao walikuwa wazuri kama wanasarakasi wa Nairobi wanavyokuwa siku zote, na sina zaidi la kusema isipokuwa watoto waliokuwa mstari wa mbele walikataa kuondoka.

Kundi nililolishonea waliigiza habari ya msichana aliyeahidiwa kazi Ghuba na wakala wa mtaani. Nguo hazikuchanika.

Malalamiko yangu kwa waandaaji ni saa. Wakiweka onyesho moja River Road na linalofuata Industrial Area, na la kwanza likachelewa, mtu mwenye tiketi ya siku nzima anafika la pili likiwa katikati, amelowa jasho. Waweke kumbi zinazokaribiana siku moja, au waache saa nzima katikati. Choo kilikuwa kimoja kwa chumba kile cha ghorofani, na ufunguo alikuwa nao mtu ambaye hakuonekana. Chakula hakikuwa na shida: smokie na kachumbari mlangoni, na mama wa chai ya maziwa aliyejua biashara yake kuliko wote waliokuwa na beji shingoni.

Usiku, msitegemee kutoka mapema. La mwisho lilikwisha saa tatu na ushei, na nauli ya wakati huo mnaijua. Tulitembea kikundi mpaka stejini, mwigizaji wa dastikoti akiwa mmoja wetu, vazi lake kwenye mfuko wa plastiki.

Onyesho lake linarudiwa Jumamosi saa kumi na moja jioni, chumba kilekile. Fikeni mapema, vaeni sweta kwa sababu dirisha moja halina kioo, na mkae upande wa kushoto. Upande wa kulia kuna nguzo, na mfuko ule hamtauona.