Abamektini ya gramu 18 kwa lita: ipige kabla ya kuachia utitiri mlaji, si baada yake

Ukisema una utitiri mwekundu kwenye duka la pembejeo Iringa au Mbeya, mara nyingi utapewa abamektini. Kwa kazi hiyo ni dawa nzuri. Hupenya jani na kumfikia anayefyonza upande wa chini. Haiangushi papo hapo: utitiri huacha kula mapema, lakini kufa huchukua siku 3 hadi 5. Anayerudia kupiga kesho yake anapoteza fedha na kukaribisha usugu.

Tatizo ni kwa mkulima wa stroberi au hoho aliyekwisha kuachia utitiri mlaji, Phytoseiulus persimilis, yaani utitiri rafiki anayekula utitiri mwekundu. Dawa iliyobaki juu ya jani huvunjwa haraka na jua, hivyo walaji wengi huokoka, na muuzaji huihesabu kuwa salama. Hapo ndipo hesabu inapokosewa. Jike mmoja mwenye afya hula mayai na watoto wa utitiri wapatao 20 kwa siku. Akila waliofyonza jani lenye dawa, anaweza kubaki hai lakini akataga kidogo na kuwinda kivivu. Kundi halikui, utitiri mwekundu unarudi, na lawama inamwangukia aliyeuza walaji.

Kupima ni rahisi. Wiki moja baada ya kupiga, geuza majani kwa lenzi ya mara 10. Yai la utitiri mwekundu ni duara. La mlaji limerefuka kidogo na ni kubwa karibu mara mbili. Walaji wanatembea, chakula kipo, lakini mayai marefu hayaonekani? Shuku dawa. Mayai yapo ila yamesinyaa? Hapo shuku ukavu, maana unyevu wa hewa ukishuka chini ya asilimia 60 hayaanguliki vizuri, na kiangazi cha Iringa chenye upepo kinafika huko.

Matumizi tunayoyakubali ni kusafisha shamba kwanza: piga jioni, lowesha chini ya majani, kisha subiri angalau wiki 2 ndipo uachie walaji. Kibandiko kikisema nusu lita kwa hekta katika lita 1,000 za maji, hiyo ni mililita 10 kwa bomba la lita 20. Tumia sirinji; vizibo havilingani. Walaji wakiwa tayari shambani, piga mashina yenye madoa tu.

Msiilaumu abamektini peke yake. Mankozebu ya bakajani, ikirudiwa kila wiki wakati wa mvua, nayo hupunguza utagaji wa utitiri walaji, na wachache huifikiria kwa sababu ni dawa ya ukungu. Lambda-sihalothrini, dawa ya wadudu, ni mbaya zaidi: huua walaji na mabaki yake hukaa wiki kadhaa.

Kwa nyanya za Ilula, fahamu kwamba persimilis hafanyi vizuri dhidi ya Tetranychus evansi, aina ya utitiri mwekundu anayeshambulia nyanya, hata bila dawa yoyote.

Alama: 4 kati ya 5 kwa kusafisha, 2 kwa shamba lenye walaji.