Kiyoyozi cha mashua na umeme haba wa gatini: angalia kwanza ampea za kuwakia

Kiyoyozi cha kwanza nilichonunua kwa ajili ya mashua yangu kilikuwa cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza). Muuzaji alinihakikishia kwamba umeme wa gatini ungekitosha, kwa kuwa kikishawaka kinavuta ampea zisizofika 5, na nguzo ya umeme niliyopewa gatini ilikuwa ya ampea 6 kwa volti 230. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa mashine ambayo tayari inazunguka. Yangu ilinguruma mara moja, taa za chumbani zikafifia, na breka ya nguzo ikakata umeme. Nilipoirudisha, ikakata tena. Nilifungua kifuniko nikamulika kompresa kwa tochi, na kwenye kibao chake cha bati nikaona herufi LRA, na mbele yake namba 22.

Hizo ni ampea ambazo mota huvuta wakati rota, yaani sehemu yake inayozunguka, bado imesimama, na kwa kompresa za kawaida huwa kati ya mara nne na mara sita ya zile za kufanyia kazi. Ubaridi, vipimo na kelele sitavigusa, maana matangazo yanavieleza vya kutosha. Namba hii ndiyo inayofichwa, na kebo ndefu na nyembamba huizidishia madhara: volti zikishuka kwa asilimia 10, nguvu ya mota ya kuanza kuzunguka hupungua kwa takriban asilimia 19, hivyo kompresa hukwama ikiwa bado inanyonya umeme mwingi, na joto lake hupanda bure.

Kati ya njia za kulikwepa tatizo hili, nafasi ya kwanza naipa mashine ya inveta yenye kompresa ya kasi inayobadilika, na sifichi kwamba Frigomar ya Italia ndiyo ninayoipendelea kuliko zote. Kompresa ya namna hiyo huanza taratibu na kupanda kidogo kidogo, kwa hiyo ule mvuto mkubwa wa mwanzoni haupo kabisa. Na chumba kikishapoa, hupunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka upya usiku kucha.

Ya pili ni kwa mwenye kiyoyozi kizima ambacho hataki kukitupa: aifungie kompresa kifaa cha kuiwasha polepole, kama EasyStart ya Micro-Air, ambacho hupunguza sana ampea za kuwakia. Hakipunguzi umeme wa kufanyia kazi, kwa hiyo kama mashine yako inavuta ampea 7 na nguzo ni ya 6, usikinunue.

MultiPlus ya Victron, kifaa kilicho inveta na chaja ya betri kwa pamoja, ni ya tatu kwa sababu tu inahitaji betri za kutosha. Unaiwekea kikomo cha ampea za gatini, nayo huchota pungufu kwenye betri, kisha huzijaza tena mzigo ukipungua. Aliye na betri kubwa tayari anaweza kuipandisha hadi ya pili.

Viyoyozi vya nyumbani vya kubeba, vyenye bomba moja la kutolea joto dirishani, ni rahisi kwa bei, lakini hutoa nje hewa ya chumbani na kuvuta ya joto kupitia kila upenyo. Sivipendekezi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilimwomba muuzaji namba ya LRA kabla ya kulipa, akanijibu kwa kunisomea BTU. Na mashine ilipogoma, alikataa kuirudisha kwa hoja kwamba ilikwisha kufungwa, kisha akataka kuniuzia kifaa cha kuiwashia kwa bei ya juu, kana kwamba kasoro ilikuwa ya nguzo. Dai picha ya kibao cha kompresa yenyewe kabla ya kutoa fedha, ujumlishe ampea za pampu ya maji ya bahari ya kiyoyozi, ambayo huwaka pamoja na kompresa, na uhakikishe hita ya maji haiwaki wakati huohuo, kwani hita ya wati 1,500 peke yake inazidi ampea 6 kwa volti 230.